Wasiozikwa Hawavuki

Mama yangu aliwalilia wafu wa kila mtu Toronto, akabakisha wa kwake mmoja.

Alikuwa malenga. Siku za kazi alikunja mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha dobi, lakini ikifika Ijumaa jioni simu yetu pale mtaani Jane na Finch ilikuwa haikai kimya: fulani ametutoka, tunaomba utenzi wa matanga. Mama angeuliza marehemu alikuwa mtu wa wapi, alipenda kula nini, aligombana na nani, kisha angejifungia chumbani akipiga mizani kwa kidole juu ya goti. Tenzi zake zote zilikuwa na mwisho ambao watu waliungojea. Alimpa marehemu salamu awapelekee waliotangulia. Ukifika msalimie bibi yako, mwambie yule mjukuu aliyemwacha anatambaa sasa ana ndevu. Hapo ukumbi mzima ungeangua kilio, hata Wakenya wa bara na Wakongo ambao nusu ya maneno yalikuwa yamewapita.

Wa kwake alikuwa mjomba wangu, kaka yake mkubwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wetu wa pwani, na yeye pia mtunzi. Alitunga ubeti mmoja wa kumkejeli mkuu wa wilaya, watoto wakaudaka wakawa wanauimba wakiruka kamba. Wiki haikwisha, gari la serikali likasimama mlangoni asubuhi, akaambiwa twende ukaulizwe maswali mawili matatu. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Hakurudi. Mwili haukuonekana, kaburi halikuchimbwa, na serikali ikasema haina habari za mtu huyo. Kila mwaka alitokea msafiri wa kusema amemwona: mara yuko jela huko bara, mara ana duka ng'ambo ya mpaka, ameoa.

Basi Mama na mdogo wake wa kike wakakataa kuweka matanga. Kwetu, kumlilia mtu ambaye hujui kama amekufa ni kumchuria, ni kumwitia kifo kwa kinywa chako mwenyewe. "Nikimweka na wafu, naye yu hai mahali," Mama alikuwa akisema, "nitakuwa nimemuua mimi." Kwa hiyo hakumwombea rehema ya wafu wala hakumwombea heri ya walio hai. Kwa karibu miaka thelathini hakujua amwombee nini.

Mimi ni mtu wa hasira, nasema mapema ili mtu asije kulalamika mbele. Nilikasirika kumwona Mama akikausha macho yake kwa misiba ya watu ambao hata hawakumjua kaka yake. Na hasira zangu nilizipeleka chuo kikuu, pale karibu na nyumbani, nikazizika ndani ya tenzi za Warumi wa kale. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Tumevuka dunia nzima mwanangu uje kusomea wafu wa Kizungu?" Nikamwambia na yeye anatungia wafu wa nani. "Wangu wananijua," akasema.

Insha yangu kubwa ilihusu jinsi washairi wale walivyowachora watawala wao. Ukiwasoma juujuu utadhani ni machawa watupu, watu wa kusifia wakubwa tu. Mmoja anamchora mtawala amesimama kwenye merikebu ya vita, moto unamtoka kwenye paji la uso. Mwingine anamwambia mtawala kwamba akifa atapewa kiti mbinguni, ila tafadhali akae katikati, maana akiegemea upande mmoja uzito wake utaipindua mbingu. Nilimsimulia Mama hiyo akiwa anakuna nazi.

"Ala! Huyo kamsifu au kamwita mnene?"

"Hapo ndipo watu wanapogombania mpaka leo."

"Na mtawala alisemaje?"

"Baadaye alimwamuru mshairi ajiue. Akajikata mishipa."

Mama akaacha kukuna. Akakung'uta mbuzi ya nazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema chakula kitachelewa.

Vuli hiyo alipiga simu mwanamke mmoja mwenye sauti ya adabu sana. Baba yake ni mgonjwa, akasema. Zamani alikuwa mtu mkubwa huko kwetu, na anataka utenzi wake utungwe angali hai, ausikie kwa masikio yake. Amesikia malenga ana binti anayesoma tenzi za Warumi. Baba alifundishwa Kilatini shule ya misheni na mpaka leo anawahusudu sana watu wale. Mama akauliza, baba yako ni nani? Akaambiwa. Nikamwona anatafuta kochi kwa mkono, bila kuligeukia, mpaka akalipata na kukaa.

Alikuwa ndiye. Mkuu wetu wa wilaya wa miaka ile, baadaye naibu waziri, baadaye akakosana na wakubwa wake, sasa mkimbizi kwenye jengo refu la Thorncliffe Park, mabasi mawili na treni moja kutoka kwetu.

"Mwambie akatafute chawa mwingine!" nilimfokea Mama akiwa bado na simu mkononi. Akaifunika kwa kiganja.

"Nyamaza wewe." Kisha akaongea kwenye simu, kwa upole: "Tutakuja Jumamosi, mwanangu."

Niligomba siku tatu. Utamsifu muuaji? Mama akasema nani kakwambia ni muuaji, ulikuwepo? "Mimi nataka kujua kaka yangu yu hai au amekufa, basi. Na aliyebaki duniani anayejua ni yeye."

"Si umwulize!"

"Mtu mkubwa ukimwuliza swali anakupa hotuba," akasema. "Wale hawaulizwi."

Siku ya kwanza kulikuwa na ukungu. Kutoka dirishani kwake bonde la mto Don lilikuwa halionekani, na majengo ya Flemingdon upande wa pili yalikuwa yamebaki vichwa tu, miguu hayana. Ndani kulikuwa na joto la kupitiliza na harufu ya dawa ya kuchua. Mzee alikaa kwenye kiti cha enzi cha plastiki, kile cha kulaza mgongo, amevaa suti ya mikono mifupi ya wakubwa wa zamani na blanketi magotini. Mikono ilimtetemeka. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Lakini kilichonisimamisha mlangoni ni viti. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa umepangwa viti, vya jikoni, vya kukunja, kigoda kimoja, stuli ya bafuni, vyote vinamtazama yeye. Hakukuwa na mgeni mwingine. Binti yake, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya ofisi, akatunong'oneza kwamba lazima avipange kila asubuhi kabla hajaenda kazini, la sivyo mzee hali chakula. "Anasema wana miadi naye."

Mama, kwa kuchoka na safari, akataka kukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

"Hicho kina mtu," mzee akasema.

Binti yake akacheka kicheko cha aibu. Mama hakucheka. Alikitazama kile kiti, akakizunguka kwa adabu, akaenda kukaa kwenye zulia. Mimi nikahisi mgongo unanisisimka, nikakasirika kwa sababu ulisisimka.

Tulikwenda Jumamosi nyingi. Nusu ya kwanza mzee alisimulia makuu yake na Mama akasikiliza, nusu ya pili alitaka nimwambie habari za Warumi. Na kusema kweli alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wenzangu darasani. Ila alikuwa hawezi kuacha kosa lipite. Mama akimsomea beti za wiki iliyopita, mzee anainua kidole. Daraja halikuwa la mbao, lilikuwa la zege. Siku ya kufungua zahanati nilivaa suti ya kijivu, umeandika nyeupe. Si umati, andika umma. Hata sifa ikizidi alisahihisha: hapana, mkutano ule watu walikuwa wachache, mvua ilinyesha. Tukiwa kwenye basi Mama akaniuliza, "Umemwona?"

"Nimeona mzee msumbufu."

"Basi hujaona kitu."

Siku moja nilimsimulia yule jemadari wa Kirumi anayefika na jeshi lake kwenye kijito cha mpakani, kijito ambacho sheria inamkataza kukivuka na silaha. Mshairi anasema usiku ule jemadari aliiona nchi yake yenyewe imesimama mbele yake, mama mzee mkubwa kuliko binadamu, nywele nyeupe zimetimka, anahema kwa kilio, anawauliza mnakwenda wapi na bendera zangu.

Mzee alikuwa amefumba macho. "Akafanyaje?"

"Nywele zilimsimama. Akaogopa. Halafu akavuka."

"Ataachaje kuvuka," akasema mzee. Kisha akageuza kichwa kuelekea viti vya ukutani, akasema kwa sauti ya chini, ya ofisini, "Ngojeni kwanza. Zamu yenu itafika." Nikaitazama saa, ilikuwa mchana kweupe. Jikoni birika lilikuwa linachemka na binti yake anakata mkate.

Lililogeuza mambo nililisema mimi bila kujua, nyumbani, nikiosha vyombo. Nilikuwa nikimweleza Mama ile sehemu maarufu ambapo shujaa anashuka kuzimu akiwa hai na kuonyeshwa watawala wa Rumi kabla hawajazaliwa, roho zimepanga mstari zinangoja kwenda juu kwenye nuru. Wawili kati yao wamevaa silaha za kufanana, wanatembea wakipatana, na wakizaliwa watachinjana pamoja na nusu ya nchi. Yupo kijana mzuri mno ambaye giza linamzunguka kichwani, maana atakufa mapema. Nikamwambia kabla ya kufika huko kuna mto na mvushaji, na upande huu wa mto roho zimejazana zinanyoosha mikono, zinaomba kuvushwa, naye anazifukuza.

"Kwa nini anazifukuza?"

"Hazikuzikwa. Wasiozikwa hawavuki. Wanatangatanga ukingoni miaka mia."

Nilipogeuka alikuwa amesimama na taulo mkononi, macho hayaoni kilicho mbele yake.

"Hizo ni hadithi za makafiri, Mama."

"Najua ni hadithi," akasema. "Nami ni mtunga hadithi. Niache."

Jumamosi iliyofuata akamwambia mzee, "Mheshimiwa, wakubwa wa Kirumi watunzi waliwateremsha kuzimu wakiwa hai, wakaonana na waliotangulia. Utenzi wako nao ningependa uwe hivyo. Lakini kwetu ni mwiko kumtuma mtu hai kwa wafu. Ni kumchuria."

Mzee akafurahi. Mara ya kwanza niliona meno yake. "Mimi nimechuriwa na wakubwa kuliko wewe, malenga, na bado nakunywa chai. Nipeleke."

"Nikukutanishe na nani huko?"

"Walionipinga," akasema papo hapo. "Waweke wote. Kaisari bila maadui ni karani tu."

Mama akainamisha kichwa kama mtu anayekubali agizo la kushona nguo. Wiki zile mbili za kutunga alipunguza uzito. Alikuwa anaamka anakwenda dirishani kutazama kituo cha basi chini, watu waliopanga foleni na pumzi zao nyeupe, anasimama pale mpaka basi linawachukua. Nikamwuliza, umemweka mjomba? Akanijibu kwa ukali ambao hakuwa nao kwa kawaida: "Nimwekeje? Naweka waliokufa. Wenye makaburi."

Ndipo nilipoelewa nusu ya aliyokuwa anayafanya. Nusu nyingine sikuielewa mpaka nilipoiona.

Siku ya kusomwa ilikuwa Novemba, alasiri, na ukungu ulikuwa umepanda hadi dirishani kwake, kioo cheupe tupu. Taa zilikuwa zimewashwa. Binti yake alikuwa amevaa vizuri kwa heshima ya shughuli, ametengeneza kahawa ya tangawizi. Viti vilikuwa ukutani. Mama alijitanda mtandio, akakaa zuliani, akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti ile ya matanga ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, nyembamba, isiyopanda wala kushuka.

Alimsifu. Lazima niseme kweli, alimsifu vizuri, daraja la zege, zahanati, suti ya kijivu, mvua ya siku ya mkutano. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa kila ubeti ulipokwisha. Kisha ukafika utelemko, ngazi, giza, na maji.

Ukifika mto ule,
utaona watu wale,
wamesimama kwa mbele,
wote wakikungojea.

Akaanza kuwapanga. Kuli wa bandarini aliyeongoza mgomo, aliyeokotwa ufukweni. Imamu aliyefia rumande. Mama wa sokoni aliyepigwa rungu siku ya kubomolewa vibanda. Watu ambao mji mzima ulijua walivyokufa na walipolala. Hakuweka tusi, hakuweka lawama. Alieleza tu kila mmoja amevaa nini na ameshika nini. Mzee alikuwa akisema "naam", "naam", na mara moja, "huyo alikuwa mbishi." Binti yake, kwenye mlango wa jikoni, alikuwa ameshusha sinia. Sidhani aliwahi kusikia habari za watu hawa.

Wape salamu za kwetu,
usiwapite ja vitu,
kawatambue ni watu,
wenye kwao na jamaa.

Mama akanyamaza. Nilijua utenzi wake unaishia kwenye salamu, nikavuta pumzi nikidhani tumemaliza na hatukupata kitu. Miezi yote ile, bure.

Mzee akainua kidole.

"Bado."

"Bado nini, Mheshimiwa?"

"Umeruka mmoja."

Mama hakuinua macho. "Sikumruka. Sikujua kama yuko huko."

"Yuko." Alisema kwa uchovu wa mtu anayesahihisha makosa ya karani. "Mwalimu. Yule wa ubeti wa watoto. Mweke mbele, ndiye aliyekuwa wa kwanza kati yao wote. Mbona hukumweka naye kila siku anakaa pale?" Akaelekeza kidevu kwenye kile kiti cha karibu na mlango. "Toka umeingia analalamika."

Sikukitazama kile kiti. Nasema bila haya: niliogopa. Nilitazama mikono ya Mama.

"Nimweke amesimama wapi?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa bado ya utenzi.

"Ng'ambo ya kivuko, penye mikoko. Ndipo tulipomwacha. Hakufika hata jioni ya siku ile." Mzee alifikiri, akitaka kuwa sahihi. "Hana viatu, vijana walivichukua. Weka hivyo. Na alikuwa anaomba maji. Maji ya chumvi kila upande, na yeye anaomba maji."

Siku ile ile. Bibi yangu alikaa kizingitini mpaka akazeeka, Mama alimeza jina la kaka yake kwa miaka yote hiyo asimchurie, wasafiri walikuja na maduka yao ya ng'ambo na wake zao wa kubuni, na mtu mwenyewe hakufika hata jioni.

Kidole cha Mama kikaanza kupiga juu ya goti. Kilipoteza mizani, kikaanza upya. Kikaipoteza tena. Ndani ya ule ukungu dirishani sikuona hata taa moja ya jengo la jirani. Kisha akasoma:

Wa kwanza hana viatu,
yu mbele ya wote watu,
ni mwana wa mama yetu,
maji akiyalilia.

"Umerudia vina," mzee akasema mara moja. "Tu, tu, tu. Ubeti uliotangulia ulikuwa hivyo hivyo." Kidole cha mzee kilikuwa bado juu. Halafu nikaona midomo yake inarudia ubeti kimyakimya, mstari wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu ikasimama. Kidole kikashuka polepole juu ya blanketi. Akamtazama Mama. Tulikuwa tumemjia muda wote ule, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza alimtazama usoni.

Hakusema samahani. Macho yake yalitoka kwa Mama yakaenda kwenye kiti cha karibu na mlango, yakakaa hapo, kisha yakapanda juu, polepole, hadi kimo cha mtu.

"Amesimama," akasema. Sauti sasa ilikuwa inatetemeka na mikono imetulia. "Mwende naye. Malenga, mwende naye basi." Na alipogeukia vile viti vingine vya ukuta mzima, alijivuta kwenye kiti chake mpaka blanketi likaanguka, akamwita binti yake kwa jina la utotoni.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno ya kumtosha, mengine ya Kiswahili na mengine niliyojifunza Jane na Finch, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Twende. Tumeshapewa."

"Mama, huyu..."

"Nimesema tumeshapewa. Chukua koti lako."

Binti yake alikuwa amepiga magoti kando ya mzee, lakini alikuwa anatutazama sisi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kuta zimehama. Akasema, "Mama, sikujua." Mama akamjibu, "Najua hukujua, mwanangu. Mfunike baba yako, kuna baridi."

Kwenye korido taa moja ilikuwa inapepesa. Lifti ikafika, tukaingia, nikabonyeza kitufe cha chini. Milango ilipoanza kujifunga Mama alitia mkono ikafunguka tena. Akaishikilia hapo, kama unavyomshikia mlango mtu anayekuja nyuma yako na mizigo. Korido ilikuwa tupu mpaka mwisho.

"Mama, hakuna mtu."

"Ndiyo," akasema, na hakuondoa mkono. Lifti ilianza kulia ule mlio wake wa kulalamika. Baada ya muda aliutoa mkono mwenyewe, akasogea pembeni kidogo, karibu na ukuta, milango ikafungwa. Mimi nilisogea upande wangu pia. Sijui kwa nini nilisogea.

Kwenye basi na kwenye treni nilikuwa nangoja alie, na nilikuwa naogopa alie mbele za watu, na nilijichukia kwa kuogopa. Hakulia. Alikaa na mikoba miwili juu ya mapaja, wake na wangu.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alitoa kadi ya kupigia simu kwenye droo, akaikwangua, akanipa nimsomee namba kwa sababu macho yake yalikuwa hayashiki. Ikaita mara nyingi. Huko kwetu watu walikuwa wameshalala. Mama mdogo akapokea kwa sauti ya usingizi na woga, maana simu ya saa zile haileti harusi. Nilikuwa nimekaa karibu, nikawasikia wote wawili.

"Dada? Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima. Yuko hapa. Mdogo wangu, kaa chini."

"Nimekaa. Sema."

"Kaka amekufa."

Kisha mama mdogo akauliza, taratibu, swali ambalo mtu yeyote aliyefiwa huuliza.

"Lini?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Niliona akitafuta. Kulikuwa na asubuhi ile ya gari mlangoni, na jioni ambayo hakuifikia, na miaka yote iliyofuata ambayo wao wawili walimweka hai.

"Leo," akasema. "Kaka amekufa leo. Tandika mkeka."